Somo: Kupanga taimingi (wakati wa kupiga cheche) ya Volkswagen Beetle 1600 kwa balbu tu

Wakuu, mafundi wengi huzungusha distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, huku wakisikiliza mlio. Injini ikichangamka, wanakaza. Beetle iliyochangamka hivyo imesimama gereji mara nyingi cheche yake imewahishwa mno, na kwenye mlima itaanza kugonga. Tena injini hii hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutoa mvuke ikakuonya. Utajua pistoni ikishatoboka.

Hapa nasemea 1600 yenye distribyuta ya Bosch 009, isiyo na bomba la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Cheche yake ni digrii 7.5 za mzunguko wa puli kubwa kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini iwe baridi.

1. Anza na pointi, vile vijichuma viwili ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme. Zungusha injini hadi ziachane kabisa, upenyo uwe milimita 0.4. Usiruke hapa! Upenyo ukiwa mkubwa pointi huachana mapema, na kila utakapougusa baadaye taimingi nayo itahama.

2. Spana 21 kwenye nati ya puli ya jenereta, zungusha kufuata mshale wa saa hadi alama ya 7.5 kwenye puli kubwa ya chini ilingane na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinaungana. Rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, iangalie kijimkato cha ukingoni mwa distribyuta; hiyo ni silinda namba 1. Ikiangalia upande wa pili, zungusha puli kubwa raundi moja kamili.

3. Waya mmoja wa balbu uweke kwenye koili (inayokuza umeme wa cheche), pale panapotoka waya wa distribyuta. Mwingine kwenye chuma cha bodi. Washa swichi. Legeza distribyuta, izungushe kufuata saa hadi balbu izime, kisha irudishe taratibu. Balbu inapowaka tu, hapo hapo kaza.

Hakikisha: rudisha puli nyuma kidogo, ilete mbele tena. Balbu iwake alama inapofika mstarini. Swichi usiiache ukaenda kunywa chai, koili itaungua.

MASWALI

*Mkuu, mbona silinda ya 3 ndiyo hufa kwanza?*
Kwenye injini za zamani kipozea oili kimekaa njiani mwa hewa yake, hivyo hupata joto zaidi. Distribyuta nyingi za kiwandani huchelewesha cheche ya namba 3 kidogo kwa makusudi. 009 haifanyi hivyo, kwa hiyo usiwe na tamaa ya kuongeza digrii.

*Yangu ina bomba mbili za vakyumu, nayo 7.5?*
Hapana. Nyingi za 1971 hadi 1973 ni digrii 5 BAADA ya pistoni kufika juu, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), bomba zikiwa zimechomekwa. Hiyo inataka taa ya strobu, inayomulika kila cheche inapopigwa.

*Strobu ninayo. Kwa 009 nisome wapi?*
Raundi 3,500 kwa dakika, lenga 30, isipite digrii 32. Zungushia puli uzi upate mzingo, gawanya kwa 360, zidisha kwa 30, pima kwenda kulia kwa alama ya pistoni kufika juu kabisa, piga chokaa. Na tai au shati refu liwe mbali na feni belti.