Ubuyu wa nauli: tunavyopika na kuuza ili watoto wenye sikoseli wasikose kliniki

Mtaani kwetu, upande wa Mbagala, Dar es Salaam, akina mama watatu walikosa tarehe za kliniki ndani ya mwezi mmoja. Nilipowauliza, wote walinijibu kitu kimoja: "Dada, sikuwa na nauli." Mtoto mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, anahitaji kuonwa mara kwa mara, apimwe damu na achukue dawa zake, hata siku anazoonekana mzima. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka, kwa hiyo hata mtaani kwako huenda wapo.

Tulianza kwa kuchangishana. Miezi miwili ilitosha kuwachosha watu, maana wachangaji walikuwa wale wale. Ndipo tukaanza kupika ubuyu. Naeleza hapa tunavyofanya, ili na wewe ukitaka kuanza uanze Jumamosi hii.

Hatua ya 1: Ipe shida yako bei

"Kusaidia watoto wagonjwa" ni neno zuri, lakini halikuambii upike kiasi gani. Tulikaa tukahesabu nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi, pamoja na chai na andazi la njiani. Tukapata shilingi 5,000. Kiasi hicho tunakiita safari, na tangu siku hiyo swali kwenye kikao ni moja: wiki hii tuna safari ngapi? Kama wewe unachangia madawati au taulo za wasichana shuleni, tafuta nawe kipimo chako kidogo kabla hujawasha moto.

Hatua ya 2: Nunua malighafi nzuri

Ubuyu haudai friji, hauozi upesi, na pakiti ya shilingi 500 hainunuliwi kwa kufikiria mara mbili. Kwa pishi moja tunatumia:

- ubuyu wenye kokwa, kilo 2
- sukari, kilo 1
- maji, robo tatu ya lita
- iliki ya kutwanga, vijiko viwili vya chai
- pilipili ya unga na chumvi, kwa kuonja
- vanila kidogo
- rangi ya chakula

Chukua ubuyu mweupe, mkavu, wenye unga mwingi juu ya kokwa. Ukiukamata kiganjani ukahisi unyevu, au ukinusa harufu ya uvundo, uache hata ukiuziwa nusu bei.

Kuhusu rangi, nakuomba usikilize. Nunua ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya chakula, yenye jina la mtengenezaji na tarehe. Siku moja niliuziwa rangi ya kupima kwenye kikaratasi, rahisi kweli. Nilipoionja ulimi ulibaki mwekundu hadi kesho yake. Pishi lote lile tulilitupa. Tulipoteza fedha, lakini hatuwezi kuwatafutia watoto wetu matibabu kwa kuwalisha watoto wa wenzetu rangi ya mikeka. Ukikosa rangi ya kuaminika, pika bila rangi. Ubuyu mweupe wa iliki nao una wapenzi wake.

Hatua ya 3: Kupika

Chekecha ubuyu kwanza. Nyuzi nyekundu zitoe, na unga unaodondoka uweke pembeni kwenye bakuli, utauhitaji mwishoni.

Weka sukari na maji kwenye sufuria zito, bandika kwenye moto wa wastani. Sukari ikishayeyuka tia rangi, iliki, pilipili na chumvi, kisha acha ichemke hadi iwe shira. Kipimo chetu ni hiki: chota tone kwa mwiko, lipoe kidogo kwenye kisahani, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu achanisha taratibu. Likivuta uzi, shira imeiva. Likiwa bado linateleza kama maji, subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Shira nyepesi inalowesha unga wa ubuyu hadi unabanduka kwenye kokwa, unabaki na uji mwekundu na mbegu tupu.

Punguza mkaa, tia vanila, kisha mimina ubuyu wote kwa mara moja na ugeuze. Geuza kutoka chini kwenda juu, usiponde. Mwanzoni utashikana kama ugali. Endelea. Baada ya muda utasikia mlio unabadilika, kokwa zinaanza kugongana na ukuta wa sufuria. Shira imeshika, epua.

Mwaga kwenye sinia pana, nyunyizia ule unga uliouchekecha, tenganisha vibonge kwa mwiko. Kisha uache upoe kabisa. Pishi letu la kwanza tulilifunga likiwa vuguvugu kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Ndani ya saa chache vifuko vikatoa jasho, ubuyu ukagandamana, na tukarudisha fedha za watu pakiti 20. Sasa tunapika jioni, tunafunika kwa kitambaa safi, tunafunga asubuhi. Msimu wa masika hewa ya Pwani ina unyevu sana, hivyo ukishapoa tu tunauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kwenye kila pakiti tunaandika tarehe, na maneno haya: "Asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano." Kokwa zinaweza kumkaba mtoto mdogo.

Hatua ya 4: Hesabu kabla ya furaha

Pishi letu la mwisho lilikwenda hivi (bei za kwenu zitatofautiana): ubuyu 8,000, sukari 3,000, viungo na rangi 2,000, mkaa 1,500, vifuko 1,500. Jumla 16,000. Tulipata pakiti 56 za gramu 50, tukauza kila moja 500, yaani 28,000. Toa 16,000 ya mtaji, inabaki 12,000. Safari mbili ni 10,000, na 2,000 inakwenda akiba kwa ajili ya siku sukari ikipanda.

Mtaji haugusiki. Atakuja mama analia usiku, mtoto amezidiwa, na mkono wako utaenda kwenye ile 16,000. Akiba ndiyo kazi yake hiyo, itumie. Mtaji ukiliwa, wiki ijayo hakuna pishi, na safari mbili nyingine zimekufa.

Hatua ya 5: Uza ubuyu, huruma iache

Mteja anunue kwa sababu ni mtamu. Sisi tunamwonjesha kwanza, kokwa mbili kiganjani, ndipo tunamweleza habari ya nauli. Hatumwambii kuwa pakiti kumi ni safari moja ya kliniki, maana hesabu haiko hivyo, na mteja anajua kuhesabu. Tunamwambia ukweli: pakiti 28 zinatoa safari moja, baada ya kurudisha mtaji. Watu hupenda kuambiwa hivyo. Wapo wanaouliza, "Zimebaki ngapi zifike 28?" wakazimaliza.

Picha ya mtoto hatubandiki popote. Atakua, atakwenda shule, na ugonjwa wake ni habari yake mwenyewe kuisema.

Utaulizwa pia kama ubuyu unatibu sikoseli. Jibu bila kuzungukazunguka: hautibu. Una vitamini C, basi. Mtoto aendelee na dawa za daktari.

Dukani na shuleni huenda polepole. Kilichotubeba ni shughuli. Kwa kitchen party na send-off tunafunga vikopo vidogo vyenye utepe wa rangi ya sare ya siku hiyo, wageni wanapewa wakitoka. Oda moja ya vikopo 100 inazidi mauzo ya wiki mbili za kutembeza. Malipo ya nusu yatangulie, hata kama bi harusi ni binamu yako.

Hatua ya 6: Fedha ziwe na macho mengi

Mmoja anapika, mwingine anapokea fedha, wa tatu anaandika daftari. Fedha zinakaa kwenye akaunti ya kikundi ya simu, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa bila wenzake kuidhinisha. Kila Jumapili daftari linasomwa kwa sauti, hata wiki ambayo hatukuuza kitu.

Hatua ya 7: Peleka nauli kwa wakati

Mwanzoni tulikuwa tunatoa fedha mwanzo wa mwezi. Zikaisha kwa unga na mafuta kabla tarehe haijafika, na siwezi kumlaumu mama mwenye watoto wanne wenye njaa. Sasa tarehe zote za kliniki ziko kwenye kalenda ukutani kwangu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe tunamtumia 5,000 yake kwenye simu, tukimkumbusha kubeba kadi, maji ya kunywa ya mtoto na sweta. Asubuhi anatuandikia neno moja, "tumepanda", nami naweka alama ya vema kwenye kalenda.