Ukiletewa ramani ya kale ya barabara za Kirumi, anza na kidole

Mimi ni fundi fremu hapa Tabora. Ramani ya kwanza ya aina hii niliyoletewa niliibandika kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao. Mvua za Novemba zilipoanza ikavimba, ikachanika katikati ya Italia. Mpaka leo inaniuma.

Nawa mikono, ikauke kabisa. Pitisha ncha ya kidole taratibu pembezoni mwa mchoro. Ikiwa ilichapwa kwa bamba la shaba, utahisi mbonyeo mdogo ukizunguka picha yote, maana karatasi mbichi ilikandamizwa kwa nguvu juu ya bamba. Halafu inua karatasi dirishani. Za kabla ya katikati ya karne ya 18 huonyesha mistari myembamba iliyobanana, ikikatizwa na mingine iliyoachana kama sentimita mbili na nusu. Mistari peke yake haitoshi, kwani wapo wanaoiigiza. Kuza kwa kamera ya simu: ukikuta vidoti vya rangi, hiyo ni nakala ya juzijuzi.

Sasa isome, na hapa usiwe na haraka. Mashuhuri kuliko zote ni ramani ya Peutinger, iliyopewa jina la mmiliki wake wa zamani. Ile ya ngozi, iliyonakiliwa katika zama za kati, ina urefu wa karibu mita 7 na kimo cha sentimita 34 tu, iko Vienna. Nakala zake za karatasi zilichapwa Antwerp mwaka 1598, na Vienna mwaka 1753. Kwa kuwa ramani ni ndefu na nyembamba hivyo, Italia imenyooshwa kama mkanda. Fuata mstari wa barabara: kila unapopinda kidogo ni kituo, na namba iliyoandikwa hapo ni umbali wa kufika kingine. XII kwa kawaida ni maili 12 za Kirumi, kila moja kama kilomita moja na nusu. Bibi alitusimulia njia ya msafara kutoka hapa hadi Ujiji vivyo hivyo: kambi, maji, mwendo wa siku ngapi. Kaskazini iko wapi, hakuna aliyeuliza.

Ukiiweka kwenye fremu, ishikilie kwenye ukingo wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na uji mzito wa unga wa ngano, ili siku moja vitoke kwa maji. Kata dirisha la kadibodi nene kioo kisiiguse. Itundike mbali na jua la jioni, na kila mwezi igeuze nyuma uangalie mchwa.