Jinsi ya kumsaidia nyumbani mgonjwa wa ugonjwa sugu wa mapafu

Mwongozo huu nimeuandika kwa mhudumu wa afya ya jamii aliyekabidhiwa mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao hospitalini huandikwa COPD kwenye faili. Mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa kama zamani. Hata hivyo mgonjwa anaweza kupumua vizuri zaidi, kutembea mbali zaidi na kulazwa mara chache zaidi, na kazi kubwa ya kufika huko hufanyika nyumbani, katikati ya tarehe moja ya kliniki na nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kufikisha miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko sigara si chanzo pekee. Wapo waliopikia kuni, mkaa au samadi ndani ya nyumba kwa miaka mingi, waliofanya kazi kwenye vumbi, na waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu mapafuni. Kwa hiyo mama ambaye hajawahi kuvuta sigara akikuambia pumzi inamwishia, mwamini.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa umethibitishwa

Kutambua ugonjwa si kazi yako. Yako ni kumfikisha kwenye kipimo. Kipimo chenyewe ni spirometri: mgonjwa hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, kisha hupuliza kwa nguvu kwenye mashine. Pale ambapo mashine ni chache, kuchuja watu kwa maswali husaidia. Utafiti uliofanyika Nepal, Peru na Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa maswali machache, pamoja na kipimo chepesi cha kasi ya pumzi, yanaweza kuwabaini wanaohitaji uchunguzi zaidi.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinahitaji makohozi yapimwe kifua kikuu. Hata mgonjwa wako wa siku zote, akianza kupungua uzito au kutokwa jasho jingi usiku, mpeleke akapimwe upya. Usiseme tu, "Ni kile kifua chake."

Hatua ya 2: Ijue kawaida yake

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mtembelee siku ambayo hali yake ni nzuri, uandike kwenye daftari anavyokuwa siku kama hiyo: makohozi ni kiasi gani na ya rangi gani, analala chali au ameinuliwa kwa mito mingapi, anamaliza sentensi bila kukata pumzi au la, na miguu imevimba au haijavimba.

Kisha pima ukubwa wa tatizo la pumzi kwa ngazi tano. Ngazi ya 0, pumzi humwishia kwa kazi nzito tu. Ya 1, akienda haraka au akipanda mlima. Ya 2, hutembea polepole kuliko watu wa rika lake. Ya 3, husimama kupumzika baada ya mita 100 hivi. Ya 4, hawezi kutoka nyumbani, au hukosa pumzi hata akivaa nguo.

Kama una kipima oksijeni cha kidoleni, mketishe dakika chache kwanza. Kidole kiwe na joto na kisiwe na rangi ya kucha. Kifaa hiki kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo ukimwona anahangaika huku namba ni nzuri, yaamini macho yako.

Hatua ya 3: Mwambie akuonyeshe anavyotumia inhela

Inhela ni kile kichupa cha kupulizia dawa mapafuni kupitia mdomo. Usimwulize kama anajua kuitumia. Atajibu ndiyo, na atakuwa anasema anachokiamini. Niliwahi kumtembelea mama aliyekuwa akiitumia kwa miezi, tena kwa bidii, lakini kila alipobonyeza alivuta hewa kwa pua. Dawa ilibaki mdomoni. Kila mtu aliyemhudumia, mimi nikiwamo, alikuwa amemwuliza tu.

Utaratibu ni huu. Atoe kifuniko, aitikise inhela, atoe pumzi yote nje. Aibane kwa midomo, aanze kuvuta hewa polepole kwa mdomo, na hapo hapo abonyeze mara moja. Aendelee kuvuta hadi kifua kijae, abane pumzi kwa sekunde 10 au kadiri anavyoweza. Kama ana mpulizo wa pili, asubiri angalau nusu dakika, atikise tena. Dawa ikiwa ni ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, asukutue mdomo na kutema, maana bila hivyo hupata utando mweupe mdomoni.

Wengi hushindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, hasa wazee na wenye mikono inayotetemeka. Hao huhitaji chemba ya kupokelea dawa. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya mililita 500 inafaa: toboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, libane vizuri hewa isivuje, mgonjwa avutie kwenye shingo ya chupa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, ulikuta chupa iliyobanwa vizuri inafanya kazi kama chemba ya kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiipangusa kwa kitambaa, dawa itanata kwenye kuta zake. Kwa chemba, mpulizo ni mmoja kwa wakati, kisha avute na kutoa hewa taratibu mara 4 hadi 6.

Kutikisa inhela sikioni hakuonyeshi kama dawa ipo, kwa sababu gesi inayosukuma dawa hubaki hata dawa ikiisha. Soma idadi ya mipulizo kwenye boksi, hesabu kwa siku, andika tarehe itakayoisha, na uwataarifu kituoni mapema.

Hatua ya 4: Pumzi na mwili

Mfundishe kuvuta hewa kwa pua akihesabu mbili, kisha kuitoa kwa midomo iliyobanwa akihesabu nne, kama anayepuliza mshumaa bila kuuzima. Hewa iliyonaswa mapafuni hupata nafasi ya kutoka. Pumzi ikimwishia, aketi, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja.

Halafu mwendo. Mgonjwa huogopa kuhema, hivyo huacha kutembea; misuli hulegea; kesho yake pumzi humwishia mapema zaidi. Familia nayo humkataza kila kitu kwa upendo. Zungumza nao wote kwa pamoja. Baada ya kituo kuruhusu, aanze na matembezi mafupi, pamoja na kusimama na kuketi kwenye kiti, angalau mara 3 kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8. Aheme, lakini aweze kusema sentensi fupi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache.

Hatua ya 5: Moshi

Sigara: mshauri kuacha kila unapofika, bila kumlaumu. Jiko: nishati safi kama gesi au umeme ni bora. Isipowezekana, apikie nje, atumie kuni zilizokauka, na mtu mwingine awashe moto. Kwa wakati huo huo, uliza kituoni kuhusu chanjo za mafua na nimonia.

Hatua ya 6: Mpango wa rangi tatu

Uandike pamoja na mtaalamu wa kituo, ubandikwe ukutani.

Kijani ni ile kawaida uliyoiandika kwenye daftari. Aendelee na dawa zake.

Njano ni kawaida iliyobadilika: pumzi fupi zaidi, makohozi mengi zaidi, au yamegeuka manjano au kijani. Atumie dawa ya kutanua njia za hewa kama mpango unavyosema na aonwe kituoni siku hiyo hiyo. Steroidi na antibayotiki ni zile tu alizoandikiwa, si zilizobaki kwa jirani.

Nyekundu: hawezi kumaliza sentensi, midomo ina rangi ya bluu, amechanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida, anakohoa damu, au ana maumivu makali ya kifua. Safari ianze mara moja, akiwa ameketi, inhela na chemba mkononi. Kama kuna oksijeni, lengo kwa mgonjwa huyu ni kipimo cha kidoleni kisome asilimia 88 hadi 92, maana oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kulimbikiza kaboni dioksaidi mwilini.

Hatua ya 7: Akirudi nyumbani

Mtembelee ndani ya siku chache, kwa kuwa wengi hurudi hospitalini muda mfupi baada ya kuruhusiwa. Linganisha dawa alizopewa na za zamani, na umwambie akuonyeshe tena inhela. Yule wa mita 100 sasa anaweza kuwa wa mita 50. Fungua ukurasa mpya wa daftari, andika kawaida yake ya sasa, na urekebishe mpango ulio ukutani.