Kutega mchwa wa kulisha vifaranga Tabora

Mfugaji wa kuku wa kienyeji Tabora ana chakula cha vifaranga bure, nacho kiko vichuguuni.

Hakikisha kwanza kichuguu ni hai. Bomoa kipande ubavuni jioni. Kesho yake ukikuta tundu limezibwa kwa udongo mbichi, wamo. Likibaki wazi, tafuta kingine.

Chukua chungu kikuukuu cha udongo. Ndoo ya plastiki inafanya kazi, ila jua likiipiga kidogo tu mchwa wanarudi chini. Jaza mabua yaliyokatwakatwa, magunzi na samadi kavu ya ng'ombe, bila kushindilia, kwa kuwa mchwa wanataka pa kupita. Nyunyizia maji mpaka samadi ukiifinya ishikane bila kuchuruzika. Saa kumi na moja jioni fukua ubavu wa kichuguu mpaka uone njia zao, kifudikize chungu hapo, ziba ukingo kwa udongo mwanga usipenye, kisha funika kwa gunia lililoloweshwa.

Rudi saa kumi na mbili asubuhi ukung'utie kwenye beseni upesi. Ukifika saa tatu utakuta magunzi yamepakwa udongo na mchwa wameshashuka. Ukiona sisimizi ndani, wamekuwahi, hamisha mtego. Agosti hadi Oktoba chungu hukauka haraka, kwa hiyo ongeza maji na ukiache siku mbili.

Konzi moja inatosha vifaranga kumi kwa asubuhi, pamoja na pumba na maji. Mchwa askari, wale wa vichwa vikubwa, wanang'ata: kwa vifaranga wa chini ya wiki mbili watoe au waponde vichwa. Kuku wakubwa watajijua wenyewe.

Hatari kubwa ni dawa. Urambo, Sikonge na Uyui mashamba ya tumbaku hupuliziwa, na mchwa wa kando yake hawafai hata wakiwa wengi namna gani. Vivyo hivyo nyumba iliyopigwa dawa ya mchwa. Magunzi nayo yakague: mengi yametoka kwenye mahindi yaliyotiwa dawa ya dumuzi, mdudu ambaye kwa Afrika alianza kusumbua huku huku Tabora. Tumia ya mahindi yaliyopukuchuliwa kabla ya kutiwa dawa.

Usichimbe hadi kwa malkia. Tega kichuguu kimoja siku mbili tatu, kisha kipumzishe wiki nzima. Ukiwa na vichuguu kadhaa vya kuzungukia, hukosi.