Jinsi ya kutengeneza pete ya mokume-gane kwa shaba na fedha

Mokume-gane ni metali yenye mistari kama ya mbao, na jina lake la Kijapani lina maana hiyohiyo. Ufundi huu unahusishwa na Shōami Denbei (1651–1728) wa Akita, aliyetengeneza mapambo ya panga. Amri ya 1876 ilipokataza watu kubeba panga hadharani, soko la kazi hiyo lilianguka. Siku hizi mokume huonekana zaidi kwenye pete za ndoa. Anza na shaba na fedha safi. Dhahabu iache mpaka mkono uzoee.

1. Mabamba. Kata mabamba 9 ya mm 25 × 40, unene mm 1: matano ya shaba na manne ya fedha (kama gramu 42). Yanyooshe kabisa, kisha sugua kila uso kwa msasa namba 400 na maji. Maji yakitandaa bila kukatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Vaa glavu, panga kwa kupishanisha, shaba ikae juu na chini. Alama moja ya kidole huacha sehemu isiyoshikana, nawe huijui mpaka umeshachonga.

2. Kubana. Weka rundo kati ya vipande viwili vya chuma cha kawaida vya mm 12, kaza kwa bolti nne. Chuma hutanuka kidogo kuliko shaba na fedha, kwa hiyo moto wenyewe huongeza mbano. Kwanza paka vyuma hivyo ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, ikauke. Bila hiyo rundo litagandia chuma.

3. Tanuri. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1085 na fedha kwa 962, lakini zikigusana, mpaka wao huanza kuwa majimaji kwenye 779. Lengo letu si kuyeyusha wala kulehemu: tunataka chembe za metali moja ziingie kwenye nyingine zikiwa bado yabisi. Fukia rundo kwenye sanduku la chuma lililojaa unga wa mkaa ili oksijeni isifike, weka nyuzi 740–750 kwa saa 8. Kipimajoto kikae karibu na rundo, kwa kuwa pembe za tanuri hutofautiana. Fungua madirisha, mkaa hutoa gesi ya sumu. Usifungue bolti kabla ya kupoa.

4. Kufua. Piga tupa kingo zote. Mstari mweusi kati ya tabaka ni mwachano: kata sehemu hiyo sasa. Pasha hadi wekundu uliofifia, gonga kwa nyundo bapa kuanzia katikati kwenda nje, usigonge kingo. Unene ukipungua kwa robo, lainisha tena kwa moto. Simama kwenye mm 3.

5. Kuchonga. Chonga mashimo na mifereji kwa keekee au patasi, kina kisizidi mm 1.2, hapo umepita tabaka tatu au nne. Mteremko uwe wa taratibu, maana ukuta uliosimama wima hujikunja kwenye roli (mashine ya kubana metali kati ya vyuma viwili vya mviringo) na kuacha ufa. Lainisha, pitisha kwenye roli hadi mm 1.5. Mchoro hurefuka kuelekea unakosukuma, kwa hiyo duara huwa yai.

6. Pete. Kwa kipenyo cha ndani cha mm 18, tengeneza kwanza bitana, yaani pete ya ndani inayogusa kidole, ya fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1000), unene mm 1, urefu mm 59.7. Ukanda wa mokume uwe mm 67.5. Bitana si urembo: jasho likiunganisha shaba na fedha, shaba ndiyo huliwa, na kidole hugeuka kijani. Lehemu mishono kwa lehemu ya fedha inayoyeyuka karibu na nyuzi 720, kisha unganisha bitana kwa lehemu inayoyeyuka mapema zaidi ili mishono isifunguke.

7. Kumalizia. Funika mshono na bitana kwa rangi ya kucha, tumbukiza pete kwenye feriki kloridi, kimiminika chenye asidi kinachokula shaba, kwa dakika chache. Shaba itazama, fedha itabaki juu, na mistari itasikika ukipitisha ukucha. Zima asidi kwa maji yenye magadi, suuza, ng'arisha kidogo. Ukizidisha kung'arisha utafuta kina ulichokitafuta.