Tepu ya Sponji: Namna ya Kuichagua na Kuibandika Isiachie

Tepu ya sponji, yaani ile yenye sponji katikati na gundi pande zote mbili, inapoachia, usiitupe kabla ya kuigeuza na kuitazama. Ukikuta imeng'oka na ngozi ya rangi ya ukuta, ujue gundi ilifanya kazi yake na rangi ndiyo iliyoachana na plasta. Ukikuta uso wa gundi ni safi na unang'aa kama siku ulipotoka kwenye roli, ujue haukuwahi kushika: palikuwa na mafuta, vumbi au unyevu, au kitu chenyewe ni plastiki isiyokubali gundi. Na ukikuta sponji imechanika katikati, nusu imebaki ukutani na nusu kwenye kifaa, basi gundi ilishika pande zote mbili na mzigo ndio uliozidi. Mimi nilichelewa kulijua hili. Kioo changu cha chumbani kilianguka mara mbili, na mara zote mbili nilirudi dukani kutafuta tepu kali zaidi, ilhali vipande vilivyoanguka vilikuwa vimebeba rangi ya maji ya ukuta ule tangu mwanzo hadi mwisho. Tepu ya bei yoyote ingeanguka vilevile.

Kwa sababu hiyo naanza na uso unaobandikiwa, na tepu yenyewe itafuata. Nyuso zinazopokea gundi vizuri ni chuma kisicho na kutu, alumini, kioo, vigae vinavyong'aa, mbao zilizopigwa vanishi na plastiki ngumu kama ya kasha la televisheni. Zinazoikataa ni plastiki zenye asili ya utelezi, yaani polietilini na polipropilini, ambazo ndizo zinazotengenezewa ndoo, madumu, mabeseni na makopo mengi ya jikoni. Tazama chini ya chombo: ikiwa ndani ya alama ya pembetatu kuna namba 2, 4 au 5, tepu ya kawaida itashika kwa siku chache kisha itateleza. Silikoni na sufuria za kisasa zisizogandisha chakula ni mbaya zaidi. Kama hakuna alama, dondoshea tone la maji juu ya uso uliokwisha kusafishwa. Maji yakitandaa, gundi nayo itatandaa. Yakijikusanya na kusimama kama shanga, tafuta tepu iliyotengenezwa mahususi kwa plastiki za namna hiyo, au pakaa kwanza praima, yaani dawa ya kuuandaa uso ushike gundi, inayopendekezwa na mtengenezaji wa tepu.

Kuta za nyumbani zinahitaji uangalifu wa peke yake. Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri hushika tepu bila matatizo. Rangi ya maji hutegemea ilivyopakwa, na njia rahisi ya kuipima ni kubandika kipande cha selotepu, kukikandamiza kwa kidole, kisha kukivuta kwa nguvu. Kikija na rangi, tepu ya sponji nayo itakuja nayo. Ukuta wa chokaa, ambao ni wa kawaida katika nyumba za zamani za pwani, upitishie kiganja: kiganja kikitoka cheupe, achana na tepu kabisa, toboa na utumie skrubu. Rangi mpya ipewe wiki kadhaa kabla ya kubandikiwa chochote, kwa kuwa mvuke unaoendelea kutoka ndani yake huilegeza gundi. Ipo pia hatari isiyoonekana mwanzoni, nayo ni plastiki laini kama ya vitambaa vya makochi vinavyofanana na ngozi: hiyo hutoa mafuta polepole, na baada ya miezi gundi hugeuka uji.

Sasa tepu yenyewe. Ina sehemu mbili zinazopaswa kufikiriwa mbalimbali, sponji na gundi, ingawa dukani mtu huuziwa kwa kuangalia upana na rangi tu. Sponji ya vitundu vilivyo wazi, ambayo mara nyingi ni ya poliyurethani, ni laini, hujaza mianya isiyo sawa na hupunguza kelele, lakini hunyonya maji na kushika vumbi, kwa hiyo kazi yake ni ndani ya nyumba. Sponji ya vitundu vilivyozibwa, kama ya polietilini, haipitishi maji kwa urahisi. Ukitaka kuzitofautisha, zamisha kipande kidogo ndani ya maji, kibonyeze na kukiachia mara kadhaa, kisha kikamue: kile kinachotoa maji kama sponji ya kuogea kina vitundu vilivyo wazi. Kwa mahali penye jua na mvua, sponji nyeusi ya mpira wa EPDM hudumu muda mrefu kuliko hizo zote. Aina ya nne ni povu la akriliki, ambalo kwa hakika ni gundi kwa unene wake wote, zito na lenye kunyumbulika kama mpira. Hilo ndilo linaloweza kushika mabamba ya chuma. Kampuni ya 3M ya Marekani ilianza kuliuza kwa jina la VHB mwaka 1980, na leo watengenezaji wengi wana la kwao.

Kwa upande wa gundi, iliyo ya asili ya mpira hushika mara tu inapogusa na bei yake ni nafuu, lakini hulegea kwenye joto na huharibiwa na jua. Gundi ya akriliki huanza taratibu, huongezeka nguvu kwa siku kadhaa, na huvumilia joto na mwanga wa jua. Watu wengi huidharau hii ya pili kwa sababu wakiigusa dukani haikamati kidole kama ile ya kwanza. Kipimo cha kidole hakifai. Dashibodi ya gari lililofungwa juani huweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na hapo gundi ya mpira iliyokamata kidole kwa ukali huachia kabla ya saa saba mchana.

Jambo linalofuata ni namna mzigo utakavyovuta. Tepu ina nguvu nyingi pale mzigo unapotaka kuteleza sambamba na ukuta, kama kibao cha namba ya nyumba, au unapovuta eneo lote kwa pamoja. Udhaifu wake hujitokeza unapoanza kubandua ukingo mmoja na kusonga mbele, jinsi mtu anavyomenya ndizi. Kulabu ya kutundikia mkoba mzito, rafu inayotokeza mbele na kishikio cha kujivutia bafuni vyote hubandua tepu kuanzia juu, na hakuna upana utakaofidia jambo hilo. Hizo ni kazi za skrubu. Kwa mizigo inayotulia, watengenezaji wa povu la akriliki hushauri eneo la takriban sentimita 55 za mraba kwa kila kilo moja. Kioo cha kilo 3 kinahitaji basi sentimita 165 za mraba, yaani sentimita 83 hivi za tepu yenye upana wa sentimita 2, nami ningeongeza hadi 100 bila kusita. Hesabu hiyo haihusu tepu nyeupe za bei ndogo zenye sponji laini, ambazo zinafaa kwa picha nyepesi, saa ya plastiki au njia ya nyaya, na haifai kitu kabisa ikiwa ukuta wenyewe unabanduka. Kioo kikubwa kisitundikwe kwa tepu peke yake juu ya kitanda au mahali watoto wanapochezea.

Unene nao una kanuni yake. Vitu viwili vigumu havikutani sawasawa hata vikionekana bapa, kwa hiyo pima mwanya mkubwa zaidi uliopo kati yao, kisha chagua tepu yenye unene usiopungua mara mbili ya mwanya huo. Tepu nyembamba ikiwekwa kwenye uso wenye mawimbi hugusa vilele tu, na mwenye kuibandika hudhani imeshika kote.

Kabla ya kubandika, safisha. Mchanganyiko unaofaa ni alkoholi ya isopropili na maji kwa kiasi sawa. Alkoholi hiyo ni ile ambayo mafundi wa simu husafishia bodi. Futa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, ukielekea upande mmoja, kisha badilisha kitambaa na urudie, kwa sababu kitambaa kimoja kikizungushwa hapo hapo huyahamisha mafuta tu. Petroli na mafuta ya taa huacha utando unaozuia gundi, na polishi ya dashibodi mara nyingi ina silikoni, ambayo inahitaji kusuguliwa kwa sabuni isiyo na mafuta kabla ya alkoholi. Chuma chenye kutu au mbao mbichi vipigwe msasa laini na kufutwa vumbi. Mgongo wa kioo usisuguliwe wala kupakwa thina, kwa kuwa ile rangi ya nyuma ndiyo inayoulinda utando unaoakisi.

Bandika tepu kwanza kwenye kitu unachotundika, si ukutani, bila kuivuta, maana tepu iliyovutwa hutaka kurudi na hujikunja ncha. Weka vipande wima na uache nafasi kati yake ili maji na unyevu visikwame nyuma. Ikandamize kwa rola au kitambaa kilichokunjwa kabla ya kuondoa karatasi ya kinga. Povu la akriliki halikubali kusogezwa likishagusa, kwa hiyo bandua karatasi sentimita chache tu, ikunje ncha yake itokeze nje ya ukingo, kiweke kitu mahali pake, hakikisha kimenyooka, ndipo uivute karatasi yote huku ukikandamiza. Usiiguse gundi kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu. Nguvu inayotakiwa ni kama uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, ambayo ni zaidi ya vile wengi wanavyobonyeza.

Kisha subiri, na hapa ndipo subira ya mafundi wengi huishia. Katika joto la kawaida la chumba, gundi ya akriliki hufikia kama nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na ukamilifu wake baada ya saa 72. Shikiza kitu kwa selotepu pana au kwa kigongo hadi siku ya pili. Joto linalofaa wakati wa kubandika ni kati ya nyuzi 21 na 38, jambo ambalo si tatizo Mombasa wala Dar es Salaam, ila asubuhi za mwezi wa Julai kule Njombe au Limuru bamba la chuma huwa baridi kiasi kwamba gundi haitandai. Ngoja mchana, au lipashe bamba joto. Pwani tatizo ni unyevu: wakati wa masika ukungu mwembamba wa maji hutanda juu ya vigae na vyuma bila kuonekana, hivyo kausha kwanza.

Tepu ya upande mmoja, inayotumika kuziba mianya ya milango na madirisha, hufuata mantiki nyingine, kwa sababu kazi yake ni kubanwa. Chukua donge la unga uliokandwa, lifunge kwa nailoni, liweke kwenye fremu na ufunge mlango. Unene utakaobaki ndio mwanya wako. Ukiwa milimita 4, nunua tepu ya milimita 6, ili ibanwe kwa theluthi moja. Ikibanwa kupita nusu, mlango hautafunga vizuri na sponji itabaki bapa daima. Ibandike kwenye fremu, mahali mlango unapokuja kuigonga, si mahali unapopita ukiisugua. Chumba ambacho jiko la mkaa huwashwa kisizibwe hata mwanya mmoja, kwa sababu hewa ya sumu inayotokana na mkaa haina harufu na imeua watu waliolala.

Viwandani tepu hii huchukua nafasi ya ribiti na kulehemu. Mabamba ya alumini kwenye bodi za malori, vibao vya matangazo, nembo na mapambo ya magari hushikwa kwa povu la akriliki kwa sababu hakuna tundu linalotobolewa, na pasipo tundu kutu haipati pa kuanzia. Tena alumini haigusani na chuma, mgusano ambao kwenye maji ya chumvi huila alumini haraka. Faida kubwa zaidi ni kuvumilia mtanuko. Bamba la alumini la mita 2 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa karibu milimita 1.8, ilhali fremu ya chuma hurefuka kwa karibu milimita 1. Tofauti hiyo ya milimita 0.8 hulegeza ribiti siku baada ya siku, lakini povu la milimita 1.1 hunyumbuka nayo. Rangi ya unga iliyochomwa tanurini ni changamoto inayojirudia: baadhi yake hushika, baadhi hukataa, na fundi mwenye busara hubandika sampuli na kuijaribu baada ya siku tatu kabla ya kuanza kazi nzima. Gari lisiondoke karakana siku hiyohiyo.

Unaponunua, kataa roli iliyopangwa dirishani kwenye jua au iliyobonyea upande mmoja, na utafute tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa tepu nzuri kwa kawaida huhesabiwa kudumu miezi 24 ikihifadhiwa penye ubaridi na ukavu. Roli ihifadhiwe kwa kulazwa ndani ya mfuko wake, kwani vumbi la pembeni huingia kwenye gundi kila unapoifungua.

Kuiondoa ni kazi ya uzi. Pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kitu, uvute huku na huku kama msumeno hadi sponji ikatike, huku mtu mwingine akikishika kitu kisidondoke. Mabaki yapashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, yaviringishe kwa kidole gumba, na palipobaki nata pakaa mafuta ya kupikia, subiri robo saa, kisha osha kwa sabuni. Kama unakusudia kubandika tena hapohapo, rudia usafishaji wote wa alkoholi tangu mwanzo, kwani mafuta hayo ya kupikia ndiyo yatakayoiangusha tepu inayofuata.