Jinsi ya kutengeneza molekuli ya kunasa chuma kwa kuiga bakteria

Kabla hujashika chupa yoyote, elewa kwanza bakteria anafanyaje. Chuma kipo kibao, ila kwenye maji ya pH 7 yenye hewa kinageuka kutu tu, ndo maana bakteria E. coli anatoa enterobaktini, molekuli ya kunasa chuma, ina katekoli (duara la benzini lenye OH mbili jirani) tatu kwenye pete moja, kila katekoli ina oksijeni mbili, jumla sita, na chuma cha chaji 3+ kinapenda kuzungukwa na sita hizo hizo. Inashika kwa nguvu ya kama 10⁴⁹ (namba ikiwa kubwa, chuma kinang'ang'aniwa zaidi), EDTA, kinasa metali cha kawaida cha maabara, ni 10²⁵ hivi.

Usiige kila kitu lakini. Ile pete ni esta, maji yanaikata. Badala yake tumia TREN, amini yenye mikono mitatu, kila mkono unabeba katekoli moja, zinakaa kama mafiga na chuma ndo sufuria. Hii inaitwa TRENCAM, kundi la Kenneth Raymond kule Berkeley limeifanyia kazi sana.

Ila jiulize utaitumia kwenye pH gani. Katekoli haiachii protoni zake kirahisi, kwenye asidi inachoka, huko bora haidroksameti (kundi jingine linaloshika chuma kwa oksijeni mbili) kama za desferioksamini ya bakteria Streptomyces pilosus (ndo dawa ya wagonjwa wa thalasemia na selimundu walioongezewa damu mpaka chuma kikazidi mwilini).

Haya, kazi. Anza na asidi ya 2,3-dimethoksibenzoiki, yaani OH zimeshafunikwa na methoksi, zikiwa wazi zitakuharibia. Igeuze kloraidi kwa thionili kloraidi, vukiza inayobaki, yeyusha kwenye diklorometheni kavu, halafu dondoshea taratibu kwenye TREN na triethilamini juu ya barafu, kloraidi 3.3 kwa TREN 1. Osha na baikaboneti kisha maji, asidi kali achana nayo maana nitrojeni ya katikati itachukua chaji na mzigo unaweza kukimbilia kwenye maji.

Kufunua OH ndo pagumu. Boroni traibromaidi, -78 °C, chini ya agoni, na uiweke ya kutosha kwa sababu methoksi ni sita na oksijeni za amaidi (kiungo kati ya TREN na kila katekoli) nazo zinaidaka. Ikigusa maji inalipuka na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo kama huna kabati la kuvuta hewa na mtu aliyeizoea pembeni, funika na benzili tangu mwanzo ufunue kwa haidrojeni na paladiamu. Ukitumia traibromaidi, izime na methanoli polepole ikiwa bado baridi, kisha ongeza methanoli na uvukize, rudia rudia, boroni inaondoka nayo.

Kwenye NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli) vilele vya methoksi karibu na 3.9 viwe vimepotea, masi iwe 555 kwa M+H (molekuli pamoja na protoni moja). Vyombo osha na asidi, spatula ya chuma weka mbali, la sivyo unga utaanza kuwa na rangi kabla hata ya jaribio.

Mwisho pima kwa CAS, rangi ya maabara iliyoshika chuma ambayo molekuli yako itakinyang'anya, rangi ya bluu iwe ya machungwa, na weka kichupa kisicho na molekuli yako cha kulinganishia. Isipobadilika haraka usitupe, iache mpaka kesho, chuma wakati mwingine kinachelewa kuhama.